Picha, Picha, Kitufe

Wiki tatu nililala nayo ile zambarau.
Makole, juu ya duka la mafuta ya alizeti,
feni ikisaga vumbi jekundu la Septemba,
niliusogeza mstari unywele mmoja kushoto,
unywele mmoja kulia,
nikaurudisha.
Maandishi niliyafanya membamba, ya kijivu,
yaelee juu ya zabibu kama ukungu wa Mpunguzi,
mtu ayaone kwa kuyatamani.

Bei ya kilo na siku ya lori
nilizichora ndani ya picha yenyewe,
kwa mwandiko wa mkono, wenye madaha.
Kamati ya ushirika ilipiga makofi.
Kizuri chajiuza, nikamwambia mhasibu.
Hakuuliza: kwa nani?

Lori lilikuja Jumanne.

Alhamisi simu ikaita.
“Ndahani Masinga hapa, shamba la bondeni.
Wewe ndiye fundi wa tovuti?
Hebu sikiliza unachoniambia.”
Akaisogeza simu yake ya pili karibu na mdomo wa ile ya kwanza,
na sauti ya mashine, isiyomeza mate,
ikaisoma kazi yangu:

picha.
picha.
kitufe.
zabibu mpya mwisho mwisho kabisa mbili.
kitufe.

“Kitufe cha nini, dada? Cha kufungua au cha kulipua?
Shuleni nilisoma nukta nundu, nikafaulu.
Zabibu naijua kwa kidole:
ikiiva, ngozi hulegea kidogo karibu na kikonyo.
Kwako kidole changu hakigusi kitu.
Kreti kumi na nne zimeshinda juani.
Nyuki wanakushukuru.”

Nilitaka kumjibu kwamba walio wengi wanaona.
Nikashuka ngazi na simu yangu hadi barabarani,
saa saba, jua la Dodoma limesimama wima,
nikaufungua ukurasa wangu.
Niliuona uso wangu,
na bodaboda ikipita nyuma yake.
Basi.

Viwango nilikuwa navijua.
Chuoni tulivikariri ili tuvisahau:
herufi na mgongo wake, nne na nusu kwa moja;
kila picha na maneno yake;
kila kiungo kiseme kinakokwenda.
Nilividhani vya makarani,
mihuri, foleni, njoo kesho.
Lakini ghalani Mpunguzi mizani ipo,
ya chuma, imeota kutu ubavuni,
na hakuna aliyewahi kuiita adui wa utamu.
Na shairi nalo lina mizani yake,
nilihesabu kwa vidole nikipanda ngazi:

Nane huku nane kule, ndipo neno likakaa,
Wa nyuma hata wa mbele, wote wapate kutwaa,
Si kwamba rangi ilale, wala sura kuchakaa,
Mlango ukikataa, pambo lamfaa nani?

Usiku ule zambarau sikuifukuza.
Niliikoleza, mpaka ikawa ile ya zabibu iliyochelewa kuchumwa,
nikaweka juu yake herufi nyeupe, nene, zenye mifupa.
Bei niliitoa pichani, ikasimama peke yake.
Vitufe vikapata majina.
Ukurasa ukabaki mzuri. Nasema kwa kiburi: ukazidi.

Picha ndiyo ilinikesha.
Zabibu. Nikafuta.
Zabibu nzuri. Nikafuta, kwa aibu.
Saa tisa usiku nikaandika:
mkono wa mkulima umeshika kichala,
udongo umeingia kwenye kucha.

Asubuhi nikampigia Ndahani.
Alisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza.
Bei ameipata. Siku ya lori ameipata.
“Huo mkono,” akasema, “ni wa nani?”
Sikujua. Picha niliinunua, ilitoka mbali.
“Na udongo wa kwenye kucha, rangi gani?”
Nikasogeza macho karibu na kioo.
Mweusi.
“Basi si wa hapa,” akasema.
“Njoo Jumamosi na kamera.
Kreti zimekwisha, lakini mikono ipo.”